Mshale Mmoja, Ofisi Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Ofisi mpya! Chumba kimoja nyuma ya duka la vioo. Rangi bado inanuka. Benchi la wagonjwa, meza yangu, pazia, na nyuma ya pazia daktari. Asubuhi atakuwa ofisi ya zamani, mchana huku. Faili za wagonjwa zote zimo kwenye kompyuta ya kule na hazihamishwi. Fundi kaniunganisha: nabonyeza hapa, na kioo cha kompyuta ya kule chote kinatokea kwenye kompyuta yangu. Nimepiga makofi peke yangu.

Daktari kasema wiki mbili za majaribio. Ikishindikana anarudisha ufunguo wa chumba, nami narudi kule. Mungu apishe mbali! Hapa na nyumbani ni pua na mdomo. Saa ya chakula nakwenda kumlisha mama mwenyewe. Tangu mkono wake upooze alikuwa analishwa na jirani, na anaona haya, hashibi. Leo kala mpaka kaomba nyongeza!

Jumanne, 5 Machi

Balaa. Kule mapokezi yupo wifi yangu, dada wa mume wangu. Wote tunamwita Kamanda, ila si mbele yake. Kaninunia tangu daktari aliponichagua mimi kuja huku. Na hakuna aliyetuambia kwamba tukiwa wawili kwenye kompyuta moja, mshale wa kwenye kioo ni mmoja! Mimi nauvuta huku, yeye anauvuta kule. Kaona mshale unatembea wenyewe, kapiga ukelele, nusu ya wagonjwa wakatoka nje. Halafu simu: ni wewe? Hebu toa mkono wako kwenye kompyuta yangu! Yangu, eti.

Mchana tukaandika kwa pamoja, yake ya mjamzito wa kule yakaangukia kwenye faili la mgonjwa wangu. Daktari kasoma, kachungulia kwenye pazia, kamuuliza mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe: "Mimba ina miezi mingapi?"

Mzee hakutabasamu hata kidogo. Kasema ndiyo ya kwanza, hana uzoefu. Nimecheka mpaka mbavu zinaniuma!

Daktari naye kacheka, kisha kaacha. Leo ni ndevu, kasema, kesho itakuwa dawa. Mkiendelea hivi, nafunga.

Alhamisi, 7 Machi

Kamanda kapata dawa. Kafungua ukurasa mtupu pembeni ya faili za wagonjwa, kaandika kwa herufi kubwa: SUBIRI. NAANDIKA MIMI. Nikasubiri. Baadaye: HAYA ENDELEA. Hakuna tafadhali wala nini. Lakini kazi imekwenda! Wagonjwa wote wamehudumiwa, na hakuna mwanamume aliyepata mimba.

Jioni nikataka kumshukuru. Nikaandika: Asante Kamanda.

Yaa! Mkono umeteleza. Mshale ukasimama. Nikaona kazi imekwisha, ndoa imekwisha, nitahama mji. Kisha herufi moja moja: NAJUA MNANIITA HIVYO. NALIPENDA.

Jumatatu, 11 Machi

Siku hizi tunaandikiana kutwa nzima. Miaka yote tumekaa meza moja bila kuambiana la maana, na sasa tumetenganishwa na mji mzima hatunyamazi! Kaniambia magoti yanamsumbua. Sikujua. Kauliza mama anaendeleaje. Nimemwambia mama ameanza kunitania tena, anasema uji wangu unafaa kubandikia mabango. Kaandika: MAMA HAJAWAHI KUKOSEA.

Na leo kaniarifu kwamba suruali nyeusi ya daktari imeshonwa nyuma kwa uzi mweupe. Daktari alipoingia mchana ikabidi nitoke nje nikajifanye nakohoa.

Nyumbani mume wangu kauliza, umepatana na dada yangu? Nikasema ndiyo. Kaenda kukaa kitandani kwanza, apate nguvu.

Jumatano, 13 Machi

Nani angejua! Mchana kaja msichana, koo limevimba, homa juu. Kesho anaolewa. Mkononi hina bado mbichi. Daktari kauliza: kuna dawa inayokudhuru? Iko, kasema, iliwahi kumvimbisha uso mpaka macho yakafungika. Jina lake? Hajui, alikuwa mdogo. Ila alitibiwa kwetu, imo kwenye faili.

Nabonyeza. Kioo cheusi. Nabonyeza tena. Hamna kitu.

Nikakumbuka. Kamanda hatoki ofisini bila kung'oa waya ukutani na kuifunika kompyuta kitambaa alichokifuma mwenyewe. Hajawahi kukosa, hata tuliposhtukizwa na moshi wa jirani. Na leo magoti yamemzidi, kaomba ruhusa kafunga mapema. Hakuna aliyefikiria kwamba akiilaza ile, na yangu imelala.

Nikampigia. Mvua inanyesha kama imetumwa. Nikamweleza mbio mbio. Kasema neno moja, "Nakuja," kakata.

Tukangoja. Bibi harusi analia, daktari kakataa katakata kubahatisha. Mimi nahesabu vigae vya sakafu na kufikiria yale magoti kwenye ule utelezi. Niliogopa, nasema kweli. Nilimhofia yeye kuliko ofisi.

Kioo kikawaka! NIMEFIKA. NIMELOWA. JINA LA MGONJWA? Kabla sijagusa chochote mshale ulishakimbia, faili likafunguka: penisilini, asipewe kabisa. Daktari kamwandikia dawa nyingine. Msichana kanikumbatia, kaikumbatia na kompyuta, kaondoka na uso wake mzuri.

Nikaandika: Wifi yangu, Mungu akuweke.

Kajibu: KANIWEKA. NIPE NAFASI NIKAMUE GAUNI.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la wagonjwa, maana kiti changu kimekaliwa. Daktari kaja na fundi. Ofisi inabaki! Nimeruka. Mama nimeshamtumia habari, kajibu niache kelele nikapike.

Halafu fundi kaeleza: ya Jumatano yasirudiwe. Faili zinahamishiwa mahali pengine, kila mmoja ataingia kwa nywila yake, kwenye kioo chake. Hata kule wakizima, huku kunawaka. Hamtagongana tena, kasema. Hamtaonana kabisa.

Sahihi kabisa. Ndivyo inavyotakiwa. Badala ya kusema asante, nikafungua ule ukurasa wetu nimuage Kamanda.

Mshale ukaanza kutembea. Kumbe fundi alianzia kule, na Kamanda keshaelezwa. WIFI, USIKUBALI.

Daktari kavaa miwani. Kaniomba nimpishe, kakaa, kaandika kwa kidole kimoja: kwa nini? Kamanda hajui kwamba si mimi! Nikataka kumpigia simu, daktari kanyoosha mkono: ngoja.

Nasoma juu ya bega lake. KWA SABABU NIMEKAA HAPA MIAKA YOTE PEKE YANGU NA WATU WAMEJAA. SASA NINA MTU. AKIONDOKA NITAONGEA NA NANI?

Daktari kavua miwani. Anaifuta kwa shati, na ilikuwa safi.

Fundi keshatoa vifaa vyake, anauliza: nianze, daktari?

Daktari kavaa tena miwani, kaandika kwa kidole kile kile: SUBIRI.