Alichosema Baba

Brisbane, 9 Novemba

Dada yangu Teretia,

Mauri. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Mimi sijambo, ila nimekonda. Viazi vya huku havishibishi kama magimbi yetu ya babai.

Nimemaliza, dada. Wiki iliyopita nilikabidhiwa cheti cha ualimu. Ukiiona picha ya siku hiyo utauliza mbona nimenuna.

Mazoezi ya kufundisha nilifanyia shule yenye bwawa lake la kuogelea. Siku moja nilikosea hesabu ubaoni, nikaanza upya huku nikinong'ona kwa Kikiribati. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, unasali?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao. Lakini nilikukumbuka wewe huko kisiwani Onotoa, na wanafunzi wako hamsini na chaki za kukatakata. Binamu Tiaon amenisimulia kwamba mkaguzi alikaa darasani kwako mpaka kipindi kikaisha, akasahau kuandika. Akakuuliza umesomea nchi gani. Ukamjibu, "Hapahapa kwetu, Tarawa, huku nikimuuguza baba."

Sasa nisikilize. Nafasi ya kuja kusomea ualimu huku ilikuwa yako. Mimi nilikuwa wa akiba. Baba alipoanza kuugua, ulinituma nikamuulize angependa nani abaki naye, kwa kuwa wewe ulishindwa kumuuliza mwenyewe. Nikarudi nikakwambia amekuchagua wewe. Ulilia, lakini ulilia kwa fahari, na mimi niliiona.

Hakusema hivyo. Alisema, "Teretia aende. Wewe baki nami, hata kama samaki unaunguza." Akacheka. Siku tatu baadaye kiharusi kikamfunga ulimi, hata asiweze kunisuta. Kila nilipopiga simu ukamwekea sikioni, nilisikia pumzi zake tu, nikakata haraka nikisingizia masomo. Hata alipofariki, niliogopa kuja.

Januari narudi. Kabla ya kusajiliwa, natakiwa kufundisha mwaka mzima chini ya mwalimu mzoefu, na kwenye fomu kuna pa kuandika jina lake. Nataka liwe lako, lakini sitaliandika mpaka unijibu. Ukikataa, nitaomba kisiwa kingine, wala sitakulaumu. Ukikubali, usinihurumie. Kaa nyuma ya darasa unikosoe mbele ya watoto.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Ukienda kaburini kwa Baba, usiniombee msamaha. Nitakwenda mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Roreti