Jiwe la Kijani kwa Inspekta

Siku ya kwanza, tarehe 2 mwezi wa pili

Mvua tangu asubuhi. Bati la kalasi linapiga kelele, nikaandika tablo nzima badala ya kusema. Daftari za hesabu nimesahihisha nusu. Wameandika ovyo, au ni mimi nimechoka.

Wakati wa mapumziko Direkta ametuambia: Inspekta anakuja siku ya ine. Ataingia kwangu, mwaka wa sita, somo la sayansi, mawe na madini ya kwetu. Miaka yote wanamchagua Madamu wa mwaka wa tano na mabango yake ya rangi. Safari hii ni minye. Nimefurahi, na ninaogopa.

Siku ya pili, tarehe 3

Fishi ya somo, mpango wa kufundisha, imekwisha. Nimeiandika mara mbili, vichwa kwa kalamu nyekundu. Karatasi za zoezi nazo tayari: jina la jiwe, rangi, kama ni zito au jepesi, linatumika kwa kazi gani. Kijana wa mashine ya kopi alinitolea zingine zimefifia upande mmoja. Nimepitisha kalamu juu ya maandishi, karatasi moja moja, mpaka kiganja kinauma.

Imebaki materieli. Inspekta huyu anajulikana: somo bila kitu cha kushika mkononi, kwake si somo. Picha hataki. Na kabati ya masomo yetu, shule nzima hii, haina hata kokoto. Basi nimefanya tunavyofanya walimu wote, nimewaagiza watoto. Kila mtu alete jiwe. Nikamaliza na yale maneno yetu: asiye na materieli asiingie. Tunayasema kila juma bila hata kuyasikia.

Siku ya tatu, tarehe 4

Meza imejaa. Kokoto za barabara, vipande vya tofali, na donge la saruji ambalo mwenyewe aliapa limetoka mlimani. Nimecheka kidogo.

Ya chokaa ndiyo mengi, juu wazazi wengi wanafanya kazi Kakontwe. Kabedi naye alileta la chokaa, jeupe, ameliosha vizuri. Baba yake yuko kwenye tanuru za chokaa kule. Huyu Kabedi anakaa mbele kabisa na anaandika vizuri kuliko kalasi nzima.

Nililisukuma pembeni lile jiwe lake. Nikamwambia ya chokaa tuko nayo mengi, Inspekta atanicheka, weye kaka yako ni mchimbaji, tafuta la kijani, lile la shaba. Bila hilo kesho usiingie.

Alijibu ndiyo Madamu. Nimemwagiza yeye juu ni hodari, najua hatakuja mikono mitupu.

Siku ya ine, tarehe 5

Imepita. Imepita vizuri sana.

Kabla ya kengele Monga alisimama mlangoni. Ni jirani yao Kabedi, wanatembea pamoja kila siku. Alikuwa na jiwe ndani ya kitambaa, lina matope. Kabedi ametuma. Nikauliza mwenyewe yuko wapi. Anaumwa. Macho ya Monga yalikuwa mekundu, niliyaona. Lakini Inspekta alikuwa tayari anashuka kwenye pikipiki. Nikachukua jiwe, nikalifuta kwa ncha ya kitenge changu, nikaingia.

Zuri jamani. Kijani, na mistari ndani kama kabichi iliyokatwa. Watoto walipokezana, wakajaza karatasi zao. Inspekta mwenyewe alilipima mkononi, akatabasamu. Kote aliyonipa, alama yangu ya ukaguzi, Direkta anasema hajaiona tangu aanze kuongoza masomo haya. Nimepika bukari na samaki huku ninaimba.

Siku ya tano, tarehe 6

Kabedi yuko lupitalo, amelazwa.

Nimemuuliza Monga, akalia mpaka kalasi nzima ikageuka. Nikamtoa nje. Anasema siku ya tatu, tulipotoka masomo, walienda wote wawili kwenye kile kilima cha udongo wa machimbo ya zamani, nyuma ya mtaa wao. Monga alibaki chini. Kabedi alipanda. Udongo ulikuwa umelewa maji, ukateremka, na jiwe kubwa likamkuta mkono wa kuume. Monga alikimbia kumwita Ilunga, kaka yake Kabedi, aliyekuwa nyumbani kutoka machimbo ya Kakanda. Ilunga ndiye alimchimbua na kumbeba.

Lile la kijani alikuwa nalo mkono wa kushoto. Alimwambia Monga ampelekee Madamu.

Sikuenda lupitalo. Nilimwambia Monga anyamaze, apanguse uso, na asieneze habari hizi kalasini. Nimeandika hivyo na ninaona haya kuisoma. Nilimnyamazisha mtoto.

Siku ya posho, tarehe 7

Nimeenda. Nilinunua ndizi na maji ya machungwa, kana kwamba ni mgonjwa wa malaria.

Kidole kimoja wamekata. Cha pembeni yake wanangoja kuona. Mkono ule ule anaoandikia. Bandeji kubwa kuliko kichwa chake.

Mama Ilunga, mama yake, alinipa kiti, yeye akakaa chini. Alinishukuru. Eti nimejisumbua, eti Mungu anibariki. Watu wa kanisa lao walikuwa wamepita kuomba. Nilizipanga ndizi pembeni ya kitanda, moja moja.

Kabedi alifungua macho. Akaniuliza, "Madamu, jiwe lilifaa?"

Mama yake akatazama dirisha.

Nikasema lilifaa. Nikaaga haraka.

Siku ya yenga, tarehe 8

Misa. Sikwenda kukomunika. Mume wangu amerudi jana jioni kutoka kazini Koni, ana mapumziko, na Direkta alikutana naye barabarani akamwambia kila kitu kuhusu kote. Sasa majirani wote wanajua. Mume wangu ananiita Madamu Inspekta. Nilimwambia aache, akafikiri ninaona aibu ya kusifiwa.

Sijamwambia. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Siku ya kwanza, tarehe 9

Leo nimejua mabaya zaidi. Mama yake Monga amenisimulia sokoni, bila kujua kwamba kosa ni langu.

Papa Ilunga, baba yao, amemfukuza mtoto wake mkubwa. Watu walimwona Ilunga amembeba Kabedi, wote wawili matope mpaka nywele, na mzee akamaliza hesabu yake: ni Ilunga alimpeleka. Alikuwa amemkataza tangu zamani: kazi ya mashimo ni yako, dada yako usimwonyeshe hata njia. Alimpiga uwanjani mbele ya majirani. Ilunga hakujitetea hata neno. Amechukua mfuko wake, amerudi Kakanda, na mzee amesema jina lake lisitajwe tena nyumbani.

Ilunga hakufanya kitu. Alikuta dada yake chini ya udongo akamtoa. Aliyemtuma ni minye. Na kaka yake nilimtaja kwa mdomo wangu, kalasini.

Nilinunua nyanya ambazo sikuzihitaji.

Siku ya pili, tarehe 10

Direkta ameniita. Siku ya tano walimu wa masomo ya jirani watakuja kwetu kwa mkutano wa walimu, na mimi nitatoa lile somo kwao, na mawe yote, na karatasi zote. Inspekta mwenyewe ameomba.

Nikamweleza jiwe lilikotoka. Nilimweleza vizuri, sikuficha. Alifunga dirisha. Akasema ajali ni ajali, mtoto alikuwa nje ya masomo, saa za masomo zilikwisha, na ripoti ya Inspekta bado haijaenda juu. Akasema pia kila mwalimu wa mji huu anaagiza materieli, sasa tufunge masomo yote?

Kibaya ni kwamba nilitoka pale nimepoa roho. Ilidumu mpaka langoni.

Siku ya ine, tarehe 12

Nimeenda kwao. Yaani nimefika kwenye kona yao. Nilimwona Papa Ilunga uwanjani, anatengeneza mguu wa kiti, nyundo mkononi, mavumbi meupe ya kazi bado kwenye nyusi. Nikageuka. Nikajiambia nitakuja baada ya kesho, nikimaliza somo.

Mwoga. Hakuna neno lingine, na sitafuti.

Siku ya tano, tarehe 13

Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu, wakicheka. Niligawa karatasi. Nilitoa somo kama nilivyotoa mbele ya Inspekta. Jiwe la kijani lilipita mkono kwa mkono.

Mwalimu mmoja, mzee, miwani imefungwa kwa uzi, aliuliza swali jema: vitu hivi mnavipata wapi, sisi kwetu watoto wanaleta kokoto tu.

Nilijibu, "Watoto wenyewe wanatafuta. Ukiwapa moyo, wanatafuta."

Wakaandika. Waliandika maneno yangu kwenye daftari zao. Siku ya kwanza watayatumia kwao, na kutakuwa na Kabedi mwingine kwenye kilima kingine, mvua bado inanyesha. Nilitaka kusema ngojeni. Direkta alikuwa ameanza kupiga makofi.

Nimefunga mawe kabatini, nikatoka bila kuaga.

Siku ya posho, tarehe 14

Nimefanya. Naandika yote, hata yanayoniuma.

Nilikwenda asubuhi, bila ndizi. Kabedi ameshatoka lupitalo, alikuwa amelala ndani. Mama Ilunga alikuwa anatwanga sombe uwanjani. Nikamwambia nimesimama hivi hivi, kabla ya salamu kwisha. Kwamba ni mimi nilimtuma mtoto. Kwamba nilikataa jiwe lake la chokaa. Kwamba Ilunga hana kosa lolote.

Hakushtuka. Aliweka mti wa kinu chini, akatazama mlango, akasema polepole: "Madamu, tunajua. Mutoto alituambia palepale ku lupitalo, baba yake hakukuwa. Ilunga njo alisema, museme ni minye. Alisema Madamu akisikia haya, atamuchukia mutoto, na mutoto iko mwaka ya sita."

Nilikaa chini, kwenye udongo, na kitenge changu cha siku ya posho.

Walijua. Alipokuwa ananipa kiti alijua. Alipokuwa ananiombea baraka alijua. Waliogopa pointi zangu, za mwaka wa kumaliza. Kijana alipigwa mbele ya watu ili mimi nisimchukie dada yake. Na mimi kumbe nilikuwa nahangaika juu ya kote.

Mama Ilunga akaniinua kwa mkono. Aliniomba nirudi nyumbani, eti inatosha, eti mzee ana hasira kali na mimi ni mwalimu, nitapata aibu bule. Ilunga ni mwanaume, ataishi. Alisema hivyo akipangusa udongo kwenye kitenge changu. Alinifungulia mlango wa kukimbia, na nitakuwa mwongo nikiandika kwamba sikuutazama.

Lakini mzee alikuwa ametoka. Alisimama kizingitini, amevaa singleti. Aliuliza kuna nini.

Nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto aliyekosa somo.

Akauliza mara moja tu: "Ni weye njo ulimutuma?"

"Ni minye, Papa."

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane. Alitazama mikono yake. Akasema, "Nilimupiga mbele ya bantu." Hakuwa anasema na mimi. Aliingia, akatoka na koti, akapita katikati yetu bila kuaga, akashika njia ya kwenda kutafuta gari la Kakanda. Viatu hakufunga.

Sikumwona Kabedi. Mama yake alisema anasinzia. Sikuomba kumwamsha.

Siku ya kwanza, tarehe 16

Nimemwambia Direkta. Amekasirika, anasema nimejichimbia shimo, na Inspekta lazima aambiwe kabla hajasikia kwa wengine. Nikasema aambiwe. Kote waifute kama wanataka.

Kalasini nimesema mbele ya wote: Kabedi hakuwa mtundu, Ilunga hakumpeleka, mimi nilikosa. Nikamwomba Monga msamaha kwa jina. Aliinama akacheza na kalamu. Nyuma mmoja akanong'ona, akiuliza kama mwalimu anaruhusiwa kukosa.

Yule mwalimu mzee wa miwani, nimemfuata mpaka kwenye masomo yake. Nimemwambia afute nilichosema, na awaambie wenzake. Alisema yeye tayari alikuwa amewaagiza wa kwake. Akatoka kwenda kuwaambia wasiende, akaniacha na kalasi yake.

Siku ya tano, tarehe 20

Mama yake Monga ndiye analeta habari. Papa Ilunga alimpata kijana wake. Alikaa naye Kakanda usiku mmoja. Amerudi peke yake. Ilunga hataki kurudi sasa. Anasema amesamehe, lakini hataki kupita mbele ya wale majirani. Ana haki.

Nimetaka kwenda Kakanda mwenyewe. Mume wangu, ambaye sasa anajua, amesema niache kwanza, nisiende kumwomba kijana anipoze roho. Nilikasirika. Ni kweli.

Siku ya pili, tarehe 24

Jua leo, baada ya siku nyingi.

Kabedi amerudi. Mkono umefungwa kitambaa cha maua, mama yake amemshonea. Alikaa mahali pake mbele. Sikumwekea kiti cha pekee, wala sikumsifu, ingawa nilitaka.

Niligawa karatasi za hesabu. Nilikuwa nimemwachia mistari mipana kwenye yake. Aliandika kwa mkono wa kushoto, ulimi nje, jina lake likapanda mpaka kwenye pembe ya karatasi. Akafuta. Akaandika tena. Wengine walimaliza wakaanza kelele, nikawatuliza. Alifanya mahesabu matatu, yote sawa. Nilimwambia yanatosha. Akasema bado, akaendelea na la nne.

Kengele ilipolia walikusanya mifuko. Kabedi aliinua mkono, ule wa kitambaa, akakumbuka, akainua wa pili.

"Madamu, kesho tulete nini?"

Wote wakatulia kunisikiliza. Nilisema hakuna kitu, mje tu.

Wakatoka.