Mwangaza Hauvunji Kikapu

Jumanne, kabla ya chakula

Leo Prof wa kemia, mwalimu wetu, alitusomea dikte, yaani maneno ya kuandika, juu ya molekuli zenye umbo la kikapu, zinazokamata molekuli ndogo na kuziachilia zikipigwa na mwangaza. Akasema, «Mwangaza unavunja kikapu.» Wote tukaandika. Dikte ya Prof haibishwi.

Lakini mimi nilikuwa nimeyasoma hayo kwa Kifaransa, kwenye simu ya Papa. Mwangaza unakipinda tu kikapu, kinafunguka, na gizani kinajifunga tena. Nikainua mkono, mimi ambaye hata «présent» ya kuitikia jina ninaisema kwa sauti ya panya. Furaha, tunayekaa naye dawati moja, akaninong'oneza, «Weye! Atakufukuza!»

«Prof, kama kinavunjika, kesho kitakamata tena namna gani?»

Darasa likacheka. Prof akasoma karatasi yake, akaisoma tena.

«Huyu mutoto amesema kweli,» akasema. «Mufute. Muandike: unakipinda.»

Nikasikia kalamu za bic za darasa zima zikikwaruza karatasi, na sikuinamisha kichwa.