Ndagala wanaenda wapi mwezi ukiwa mkubwa

Rumonge, Jumanne. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, mvua hainyeshi wala haiondoki. Moyo wangu uko hivyo hivyo.

Leo ni siku ya tatu vichanja vyangu viko vitupu. Mwezi ni mkubwa, wavuvi wamevuta mitumbwi mchangani, na sisi wanawake wa kuanika ndagala, dagaa wa ziwa hili, tumekaa tunasukana nywele. Ni kawaida yetu kila mwezi. Siyo hiyo inayoniuma.

Kinachoniuma ni nilichomfanyia Asha.

Asha ni mtoto wangu wa kwanza, ana miaka saba. Anauliza tangu anapofungua macho. Kwa nini moshi unapanda, kwa nini mawese yanaganda asubuhi. Juzi nilikuwa nafua, mdogo wake analia mgongoni, akaja: "Mama, mwezi ukiwa mkubwa ndagala wanaenda wapi?" Sikuinua hata kichwa. Nikamwambia wanalala, aniache nimalize nguo.

Nilisema ili anyamaze.

Jana mwalimu akauliza darasani kwa nini wavuvi wanapumzika siku hizi. Asha akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Akasimama, akasema ndagala wamelala. Na darasa lile karibu lote ni watoto wa wavuvi. Walicheka, na njiani kurudi wakamfuata wakimwita Bibi Ndagala, wanamuuliza kama ameshaamka.

Alifika nyumbani, akasukuma kaye zake, daftari za shule, chini ya kitanda. Hakulia. Alisema tu, "Mama, sitauliza tena," kama mtu mzima aliyekwisha kuamua. Tangu jana hajauliza kitu. Mimi niliyekuwa naomba kimya hicho kila siku, sasa kinanitisha.

Niseme ukweli, maana hapa ninapoandika hakuna anayenijua. Hata mimi sikuwa najua. Ndagala nawaanika tangu nikiwa msichana, nawajua kwa harufu, nikiwashika tu najua kama wamekauka, lakini sijawahi kujiuliza mwezi unawafanyia nini. Niliacha shule mwaka wa tano. Nikafikiri kujua mambo ni kazi ya waliobaki darasani, na maswali yangu nikawaachia wao.

Leo mchana nilikwenda ufukweni kwa Baba Rehema, jirani yetu anayevua kwa taa. Alikuwa anashona wavu na wenzake. Nikamuuliza. Wote wakaacha kushona.

"Weye Mama Asha, ndagala zote hizo umeanika, leo ndiyo unauliza? Ao na weye ulikuwa umelala?"

Habari ya shule ilikuwa imeshafika. Walicheka sana. Miguu ikataka kurudi. Nikakaa chini kwenye mchanga.

Alipoona siondoki, akanieleza taratibu. Usiku wa giza taa yao ndiyo mwanga pekee, ndagala wanaufuata, wanajazana chini yake, wavu unawakusanya. Mwezi ukiwaka, mwanga uko ziwa zima. Wanatawanyika, hawana haja na taa ya mtu. Hawajaenda mbali, wala hawajalala.

Nikamuuliza tena, na kwa nini wanapenda mwanga? Baba Rehema akakuna kichwa. Akasema hilo hajui, na baba yake hakuwahi kumwambia. Nikamshukuru, murakoze, nikaondoka.

Nilimweleza Asha yote. Nilimwomba msamaha, nikamwambia lile jibu nililibuni kwa uvivu. Alikuwa anasugua sufuria, ananisikiliza kwa adabu kama mgeni. Adabu ile iliniumiza kuliko kilio. Mwishoni nikamwambia kwamba kwa nini wanapenda mwanga, hata Baba Rehema hajui.

Mkono wake ukasimama.

"Hata yeye?"

Kisha akaendelea kusugua.

Asubuhi nitamsindikiza hadi mlangoni mwa darasa, nimuulize mwalimu mimi mwenyewe, watoto wote wakisikia. Kama ni kucheka, wanicheke mimi. Sijaongea na mwalimu tangu mwaka ule wa tano. Labda atanijibu kwa Kifaransa, nibaki nimesimama pale kama nguzo.

Nitakwenda hivyo hivyo. Na kama naye hajui, basi tutakuwa wanne tusiojua.