Miguu ya Mama Sarla

Tunduma, Jumanne

Nimecheka peke yangu njia nzima hadi nyumbani Chapwa. Na wiki nzima nilikuwa silali vizuri kwa ajili ya miguu ya Mama Sarla, mwalimu wangu wa unajimu wa Kihindi.

Mwaka mzima amenikaririsha majina ya nyota ishirini na saba. Leo ilikuwa siku ya kufungua kitabu, na kwa desturi yao mwanafunzi kwanza huinama akagusa miguu ya mwalimu. Asiyegusa hafundishwi.

Nikamwambia wazi, "Mama, nisamehe. Mimi namwinamia Mungu tu."

Akanitazama kwa juu ya miwani. "Asubuhi umenisalimiaje, Mama Neema?"

Nilikuwa nimepiga magoti na makofi, kama ninavyomsalimia mama mkwe, kama nilivyolelewa.

"Mwaka mzima unanipigia magoti hapo mlangoni," akasema. "Mimi nikajua ulishaanza zamani."

Kumbe ni heshima ile ile. Basi nikagusa. Miguu ya kizee tu, ya baridi, imepakwa mafuta ya nazi. Kisha tukafungua ukurasa wa kwanza.

Mzee wa kanisa akiniuliza, sijui nitaanzia wapi. Ila na yeye Jumapili nilimsalimia kwa magoti, wala hakukataa.