Kibuyu cha Juu ya Meko

Ruiru, Jumapili, mwanzo wa Oktoba, 1958

Leo kutwa hakuna upepo. Mawingu yamekusanyika upande wa Kilimambogo tangu asubuhi, na kila anayepita njiani anainua macho kidogo kisha anaharakisha. Mvua iko karibu. Nimenawa, nimekunywa chai, kucha zangu bado zina udongo, na moyo umetulia. Jana jioni haukuwa umetulia hata kidogo.

Nianze na yaliyo mema, maana ni mengi. Asubuhi nilikula nduma, yaani magimbi, za kando ya mto, zile za mstari wa mwisho, laini mpaka ndani. Kuku mwekundu ametaga tena chini ya kitanda changu, ingawa nimemtengenezea kiota kizuri nje na yeye anakijua. Mbwa wetu, Karani, amelaza kichwa juu ya mguu wangu ninapoandika. Mama Njeri ndiye aliyempa jina hilo. Tangu akiwa mdogo alipenda kuketi mlangoni na kumtazama kila anayeingia, kama karani anayetaka kujua jina lako na la baba yako kabla hujapita.

Mama Njeri ni mke wangu, Wangari. Alifariki miezi saba iliyopita, mvua kubwa ikianza. Naona bado ninaandika "mbwa wetu". Sitabadilisha.

Wiki iliyopita binti yetu Njeri, aliyeolewa Thika, alijifungua mtoto wake wa pili wa kike. Kwa desturi yetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na wa pili jina la mama wa mama yake. Kwa hiyo mtoto huyu ni Wangari. Habari ilinikuta kazini, nikigeuza kahawa kwenye meza za kuanikia, nikaendelea kugeuza mahali palepale mpaka nyapara akaniuliza kama kahawa hiyo imenikosea.

Mwanamke aliyejifungua hupelekewa njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, yapondwe pamoja na ndizi ili apate maziwa. Kazi hiyo ni ya mama yake. Huenda na wanawake wenzake, kuni mgongoni, chakula mkononi, wakiimba njia nzima. Sisi wanaume huenda baadaye, na huko nako tunapikiwa.

Majirani wangenisaidia kama ningewaambia. Sikuwaambia. Nilitaka chakula hicho kitoke nyumbani kwa Wangari.

Njahi za kula zilikuwa zimekwisha zamani. Jana alfajiri nilisimama jikoni nikitazama huku na huku kama mgeni, ndipo nikaona kibuyu kimoja juu ya meko, kinaning'inia kwenye moshi, cheusi kwa masizi, mdomo umezibwa kwa gunzi la mahindi. Nikakishusha. Ndani kulikuwa na majivu, na chini ya majivu njahi safi, za kimo kimoja, hakuna hata moja iliyotobolewa na mdudu. Niliketi nazo kwenye kigoda cha Mama Njeri nikatokwa na machozi. Niliwaza kwamba mwanamke huyu alijua siku kama hii itafika, akaniwekea zilizo bora kuliko zote.

Nimekula kutoka mkononi mwake miaka ishirini na mitatu. Sikuwahi kuuliza hata mara moja habari za kitu chochote kinachoning'inia juu ya meko.

Niliziosha nikazitia kwenye sufuria. Ndizi nilikata mgombani kwetu. Nilichochea moto mpaka jua likawa juu, nikaponda mpaka bega likauma, nikafunika kwa majani ya mgomba na kufunga sufuria nyuma ya baiskeli. Pasi yangu, kile kibali cha kusafiri, niliitia mfukoni, ingawa siku hizi askari hawaiulizi sana. Karani alinifuata mpaka darajani, akaona ninaelekea mbali, akarudi kulinda nyumba.

Njeri na mume wake wanakaa Thika, katika chumba kimoja cha wafanyakazi wa kiwanda, ng'ambo ya reli. Alikuwa ameketi kitandani na mtoto kwenye mapaja. Aliponiona na sufuria alicheka, kisha akamwinamia yule mtoto.

"Wangari, amka. Mume wako amekuja, tena amepika. Huyu wa sasa ni afadhali kuliko yule wa zamani."

Nilimpokea. Ana uzito wa kuku aliyeshiba. Alifungua jicho moja, akanitazama, akalifunga. Yule mwingine pia alikuwa akinitazama hivyo nikichelewa kurudi.

Njeri alionja, akafumba macho.

"Hizi ni za Mama."

Akala kijiko cha pili. Cha tatu kikasimama njiani.

"Baba, umezitoa wapi?"

"Kwenye kibuyu cha juu ya meko."

"Kile cheusi?"

"Hicho hicho."

"Ukabakisha ngapi?"

"Mama anayenyonyesha habakiziwi," nilimjibu, na nakiri kwamba nilisema kwa majivuno. "Nimepika zote."

Njeri alitazama sufuria, akanitazama mimi.

"Baba, zile zilikuwa mbegu."

Sikuelewa haraka, ikabidi anieleze kama anavyoelezwa mtu aliyetoka nchi nyingine. Zinazowekwa kwenye gunia chini ni za kula. Zinazofukiwa kwenye majivu na kutundikwa kwenye moshi ni za kupanda, na hazishushwi mpaka mawingu yaonekane. Mbegu hiyo Wangari alipewa na mama yake siku alipokuja kwangu. Serikali ilipotuamuru, wakati wa Hali ya Hatari, kubomoa nyumba na kuhamia kijijini, mimi nilibeba kitanda na mlango. Yeye alibeba kibuyu hicho ndani ya shuka lake, nami nikadhani amebeba maji. Alizipanda huko nyuma ya kibanda, mistari miwili tu, ili zisife. Tuliporudi hapa kwenye kipande chetu, zikarudi naye.

Mimi nimezimaliza asubuhi moja.

Njeri aliona uso wangu, akaanza kucheka. Alicheka akijishika tumbo kwa maumivu, na mwishoni sijui kama bado kilikuwa kicheko.

"Usile tena," nilimwambia. Sijui nilidhani nini.

"Nisile kwa nini? Nikizipanda hizi zitaota na ndizi zake?" Akachukua kijiko. "Acha nizimalize. Zimeiva vizuri, Baba. Mama angekusifu, halafu angekufukuza."

Nilipokuwa nikitoka aliniita. "Mama alikuwa mgawaji. Waulize wanawake wa huko. Lakini uliza kabla mvua haijanyesha, kwa sababu ikinyesha kila mtu atafukia alizonazo."

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Njahi zipo sokoni, debe kwa debe, lakini za sokoni ni kubwa na zina uchungu unaobaki kooni. Za Wangari ni ndogo, na hazina ule uchungu. Nilikanyaga baiskeli nikiyatazama mawingu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaomba mvua ikawie.

Jana sikulala vizuri. Hilo halina haja ya maneno mengi.

Leo baada ya ibada nilisimama nje ya kanisa upande wa wanawake. Mwanamume hasimami upande huo. Nikamuuliza wa kwanza, akaniambia aliacha njahi tangu bwana shamba alipowaletea maharagwe mekundu yanayokomaa upesi. Wa pili alizipata kweli kutoka kwa Wangari, lakini wadudu wakazimaliza mwaka jana. Wakatazamana. Kisha wa pili akasema, bila kunitazama, "Kuna Mama Kamau."

Nilijua kwa nini hakunitazama. Mama Kamau anakaa ng'ambo ya kijito, karibu kiasi kwamba nikikohoa anasikia. Miaka mitatu iliyopita Karani alikula mayai yake kumi na moja, na kuku aliyekuwa akiyaatamia akahama. Wangari alisema mbwa wake hali mayai. Mama Kamau alisema basi mayai yalimla mbwa, ndiyo maana mdomo wake una rangi ya manjano. Wakaacha kusalimiana. Mpaka leo niliamini kwamba Wangari alizikwa bila wao kupatana.

Nilikwenda. Mawingu yalikuwa yameshuka, sikuwa na la kungoja.

Alikuwa akichambua mahindi uani. Aliniona, akamwona Karani nyuma yangu.

"Baba Njeri, wewe karibu. Huyo mwizi abaki hapo hapo."

Karani akabaki. Nikamweleza yote, nimesimama, kofia mkononi. Hakuacha kuchambua.

"Ulipika zote?"

"Zote."

"Ulitia chumvi?"

"Nilitia."

"Angalau." Akatupa gunzi kando. "Mwanamume kuja kuomba mbegu, hii naiona leo. Na mwanamume kupika mbegu, hiyo pia naiona leo. Mwenzangu alikufa na kazi haijaisha."

 Aliingia ndani, nikasikia akiburuta kigoda na kupanda juu yake. Alitoka na kibuyu, akamimina kidogo kwenye ungo, akapuliza majivu.

Nilizijua mara moja. Ndogo, nyeusi, mstari mweupe umepita juu mpaka unakaribia kugeuka upande wa pili. Kama nisingeziosha jana moja moja kwa mikono yangu, nisingezijua.

"Alikupa lini?" nilimuuliza. "Mlikuwa hamsalimiani."

"Hatukusalimiana." Mama Kamau alianza kuzichagua kwa kidole. "Nilijifungua mwaka ule ule wa mayai. Wanawake walikuja kuniona, wakaimba, wakaenda. Kesho yake akaja peke yake. Hakubisha hodi. Aliweka chungu cha njahi juu ya kigoda, na kando ya chungu akaweka mbegu, konzi moja, zimefungwa kwenye jani. Akaondoka. Yeye hakusema neno, na mimi sikusema neno. Nilikula, nikapanda."

"Na baadaye?"

"Baadaye tulikuwa tukikutana mtoni, tunasogezeana mtungi. Kusalimiana ni kwa watu ambao hawana njia nyingine."

Haya sikuyajua. Nililala nyumba moja na mwanamke huyo, nikala chakula kilichotoka kwenye ugomvi wao na kwenye amani yao, na sikujua.

Alinipa konzi moja, kama alivyopewa yeye. Nilipotaka kushukuru alinikatiza.

"Mbili kila shimo. Usizipande zote, mvua inaweza kudanganya. Zilizobaki zifukie kwenye majivu, uzitundike. Na Baba Njeri, ukisikia njaa, njoo hapa nikupe viazi. Usiangalie juu."

Wakati wa kutoka nilisikia akimwambia mtu wa ndani, "Alitia chumvi," na wakacheka mpaka nikavuka kijito. Nami nilicheka. Ni muda mrefu sijacheka nikiwa peke yangu njiani.

Nimepanda leo ingawa ni Jumapili. Nadhani nitasamehewa, maana mchungaji mwenyewe nilimwona akitazama mawingu wakati wa mahubiri. Mashimo ishirini na moja, karibu na ua ili zipate pa kukwea. Karani alifukua moja, nikalirudishia. Zilizobaki nimezifukia kwenye majivu, nikaziba kibuyu, nikakirudisha kwenye msumari wake.

Nimeketi nikifikiri. Ningedhani mbegu inalindwa kwa kufichwa. Lakini iliyofichwa ndiyo niliyoipika. Iliyopona ni ile aliyoipeleka kwa mtu ambaye hata salamu alikuwa amemnyima. Na ile niliyoipika nayo haikupotea kabisa. Sasa hivi huko Thika kuna Wangari mwingine anayenyonya kwa nguvu zake. Nashukuru kwa huyo. Nashukuru kwa Mama Kamau na ulimi wake. Nashukuru hata kwa mayai kumi na moja.

Tone la kwanza limeanguka kwenye ukurasa huu na kuchafua neno. Karani amenyanyuka ameingia ndani. Nami naingia, niandike mstari mmoja wa mwisho nikiwa chini ya paa.

Nikivuna, nitagawa kabla ya kuonja. Konzi ya kwanza ni ya Njeri. Ya pili ni ya yule mama wa kanisani ambaye zake zililiwa na wadudu. Ya tatu nitamtafutia mwanamke ambaye mume wake hajui jiko lake liko upande gani. Hapa Ruiru sitakwenda mbali.