Ubani Juu ya Harufu ya Gesi

Gazi, Msambweni,
Kwale.
9 Septemba 2024

Mpendwa dada Mbeyu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta huko Maskati u mzima, na lile goti limepoa. Sisi tu hai, alhamdulillahi, ila uzima wetu una walakini. Sikuthubutu kukupigia simu.

Mwanao Subira ameungua mikono yote miwili. Usishtuke, dada. Ngozi inarudi, na daktari anasema vidole vitakunjika vizuri.

Ilikuwa Jumapili ya posa. Wazee wa Abdurahman, yule kijana anayemtaka Subira, walikuwa njiani kutoka Kombani. Biriani tuliipikia nje kwa kuni, gesi ikawa ya chai tu. Nilibadilisha mtungi kwa haraka na mpira sikuukaza. Harufu niliisikia. Muuzaji alikwisha kuniambia nikiisikia nifunge koki, nifungue madirisha, na moto usisogee karibu. Lakini niliona haya wageni waikute nyumba inanuka. Nikafunga madirisha ili ubani ukolee, nikatia makaa kwenye chetezo, nikaanza kufukiza kama mama alivyotuzoesha.

Nilipofika mlango wa jikoni hewa yenyewe iliwaka. Mimi nilibwagwa ukumbini, zikaungua nyusi tu. Subira alikuwa ndani akipanga vikombe, akajikinga uso kwa mikono.

Wageni waliwakuta majirani wakimwaga mchanga. Shangazi yake Abdurahman akauliza ni nani aliyeingiza moto jikoni. Subira akanitangulia: "Ni mimi, shangazi. Mama mdogo hakuwapo."

Nami nikanyamaza. Mtoto ametumbukiza mikono kwenye beseni la maji, na mimi mtu mzima nimenyamaza. Naona aibu hata kuandika.

Tangu siku ile posa imelala. Huko Kombani wanasema msichana ni mzembe, atawachomea nyumba. Mimi humlisha kwa mkono wangu, naye hunitania kwamba namtilia matonge ya bwana harusi. Siwezi kumtazama usoni.

Msalimie shemeji Iddi, na mkwe wetu Caroline, na unibusie watoto wake. Mola awahifadhi, na wewe akupe moyo wa kunisamehe japo sistahili.

Kesho asubuhi nakwenda Kombani kuwaambia kwamba chetezo nilikishika mimi. Subira amenikataza. Anasema mchumba atapata mwingine, mama mdogo hana mwingine. Nitakwenda, dada.

Mdogo wako akupendaye,
Twaiba